Nikigoma kuchangia matibabu kwenye grupu nimekosa utu, au nimekataa kufanya kazi ya serikali?

#1 Mkokoteni
Wakuu, salama?

Niende moja kwa moja. Tarehe 20 haijafika na mwezi huu nimeshachangishwa mara saba. Grupu la tuliosoma pamoja: mwenzetu figo zimegoma, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Grupu la ukoo: shangazi kavunjika nyonga. Kazini: mtoto wa mlinzi, moyo. Jumuiya: mama wa jirani, saratani, anaanza Ocean Road. Mtaani: msiba. Halafu harusi mbili, ila hizo naziweka kando, ni sherehe.

Mshahara wangu ukishakatwa unabaki laki saba na kitu. Kwenye makato kuna kodi, kuna pensheni, kuna asilimia 3 ya bima ya afya na mwajiri naye 3. Nikinunua sabuni kuna VAT. Sasa juzi nikaandika kwenye grupu la shule: "Mwezi huu sichangii, na naomba tujiulize kwa nini sisi ndio tumekuwa hospitali." Nilitolewa povu mpaka saa sita usiku. Mmoja akaniambia "siku yako inakuja". Admin akanitoa.

Hoja yangu ni hii. Kila tukichanga na tukafanikiwa, mwenye wajibu anapumua. Hakuna mbunge atakayeulizwa kuhusu figo za yule jamaa, maana tumeshamalizana wenyewe kimya kimya kwenye simu. Nawasilisha.

#2 Konda_wa_Gongo
Siti ya mbele. Mwenye karanga apitishe.

#3 Shangazi_K
Mwanangu, figo haisubiri kikao cha bunge. Mwandikie mbunge barua, nami nitakusaidia kuipeleka, ila tuma elfu kumi kwanza.

#4 Mkokoteni
Shangazi, shikamoo. Elfu kumi mara saba ni sabini. Na mwezi ujao ni sabini nyingine. Nitakuja kuchangishiwa mimi.

#5 Mwalimu_Mstaafu
Vijana mnaongea kana kwamba jambo hili limezaliwa na WhatsApp. Mimi nimeajiriwa 1974. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 matibabu yalikuwa mzigo wa taifa. Unaingia zahanati, unaandikwa kwenye daftari, unatibiwa, unakwenda zako. Hakuna aliyeuliza mfukoni una nini. Ugonjwa wa mmoja ulikuwa wa wote.

#6 Kalamu_Nyekundu
Mwalimu, shikamoo. Nikusahihishe kidogo. Hospitali za misheni zilikuwa zinatoza ada kipindi hicho hicho, na vijijini ndizo zilikuwa tegemeo la wengi. Zilizopigwa marufuku ni za watu binafsi za kibiashara, 1977, zikaruhusiwa tena 1991. Za serikali zikaanza kutoza 1993, ndipo likaja neno "uchangiaji". Tazameni neno lilivyochaguliwa. Hawakusema ada wala bei. Mgonjwa kalala pale na dripu mkononi, anaambiwa anachangia, kama vile yeye ndiye mfadhili.

#7 Mwalimu_Mstaafu
Marahaba. Ya misheni nakubali. Na kwa kuwa umenifungua mdomo niseme na la pili. Bure ile ya miaka ya themanini, baada ya vita vya Kagera na uchumi kwenda chini, ilikuwa bure ya maneno. Mke wangu alijifungua 1984. Nilikwenda na wembe, uzi, pamba, sabuni na lita ya mafuta ya taa kwa ajili ya taa ya wodini. Pamba alinipa jirani, mafuta akanipa mwalimu mkuu. Kwa hiyo na sisi tulichanga. Tofauti ni kwamba tulichanga vitu.

#8 Konda_wa_Gongo
Mwalimu umepanda kizimbani kuwa shahidi wa utetezi umeshuka ukiwa wa mashitaka 😂

#9 Sista_Zamu_ya_Usiku
Mimi ni muuguzi, wapi sisemi. Mleta mada anasema "serikali" kana kwamba ni mtu kakaa mahali na pochi. Niwaeleze inavyokwenda.

Hospitali ya serikali ina misamaha. Mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano, mzee wa 60 na zaidi asiye na uwezo, TB, VVU na baadhi ya magonjwa sugu. Nje ya hao, anayesema hana kitu anapelekwa ustawi wa jamii, anahojiwa, analeta barua ya serikali ya mtaa. Afisa anasaini, mgonjwa anatibiwa. Sasa ile bili inakwenda wapi? Haiendi Hazina ikarudi na pesa. Inabaki pale pale hospitali, inakuwa shimo kwenye makusanyo yale yale yanayonunua dawa. Kesho anakuja mgonjwa mwingine anaambiwa "hii hatuna, kanunue nje". Huyo ndiye aliyemlipia wa jana, na hawajuani. Mtaniambia hapo kabeba mtu au imebeba jamii.

Halafu kuna kule kuhojiwa. Una ng'ombe wangapi? Mwanao wa Dar anafanya kazi gani? Mbona una simu ya kupangusa? Nilimwona mzee mmoja akaikunja barua yake, akairudisha mfukoni, akasema ngoja atampigia mwanawe. Huyo mwana alikuwa hapokei simu mwaka wa tatu.

#10 Mpemba_wa_Mkoani
Asalaam aleykum. Mnahangaika na bunge na Hazina wakati jibu lipo. Zaka si hisani, ni haki ya maskini iliyo ndani ya mali yako. Ukiizuia umeshika cha mtu. Kila mwenye mali angetoa asilimia kumi yake, grupu la Mkokoteni lisingekuwepo.

#11 Ustadh_Bila_Kanzu
Waaleykum salaam. Sheikh, kumi ni ya mazao ya mvua, ya kumwagilia ni tano. Fedha na bidhaa za biashara ni mbili na nusu, zikifika nisabu, yaani kile kiwango cha chini cha mali, na kupitiwa na mwaka. Usituchanganye na fungu la kumi la majirani.

#12 Mpemba_wa_Mkoani
Nimesahihika, Mola akulipe. Hoja iko pale pale.

#13 Ustadh_Bila_Kanzu
Hoja ipo, ila kwa laki saba hiyo na michango saba, mleta mada nisabu hafiki. Huenda yeye ni wa kupokea 😀

Nije kwenye swali lenyewe, maana fiqhi ililijadili zamani. Kuna faradhi aini, kila mtu na yake, kama swala tano. Na kuna faradhi kifaya, ya watu wote kwa pamoja: wakiitekeleza wa kutosha, waliobaki wamesalimika. Wasipoitekeleza hata mmoja, mji mzima una dhambi. Kumwosha na kumzika maiti ni kifaya. Wako wanavyuoni walioweka humo na kumwondolea dhiki aliye katika shida.

#14 Mkokoteni
Ustadh umenifurahisha. Lile grupu lina watu 214. Thelathini wametoa. Kwa hiyo nimesalimika?

#15 Ustadh_Bila_Kanzu
Nimesema wa kutosha. Pesa imetosha?

#16 Mkokoteni
Haijatosha.

#17 Shangazi_K
Basi toa 😂😂

#18 Kijana_wa_Makambako
Nitasema lisilopendwa. Tatizo si serikali wala grupu, ni mtu mwenyewe. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilipangwa 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita. Elfu tano kwa kichwa! Watu wanamaliza hiyo Jumamosi moja baa, Jumatatu wanaomba michango. Mimi nimekata, mke na watoto wamo. Anayekataa bima ya elfu thelathini asinililie.

#19 Kalamu_Nyekundu
Kijana, hiyo 30,000 ni ya mikoani. Dar ilipangwa 40,000 kwa mtu na 150,000 kwa kaya ya watu sita. La pili, CHF inakufikisha hospitali ya rufaa ya mkoa, basi. Yule jamaa wa figo angekuwa nayo kumi mfukoni asingesafishwa damu hata mara moja.

#20 Kijana_wa_Makambako
Ya Dar sikuijua. Ila angalau malaria ya watoto wake isingemla akiba.

#21 Katibu_Kuzikana
Nimesoma kuanzia juu. Mimi ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana mtaani kwetu, Mbeya, huu mwaka wa tisa. Kaya 86, elfu tano kwa mwezi. Msiba ukitokea chama kinatoa jeneza, gari, maturubai, unga, maharage, na laki tano mkononi kwa wafiwa. Hatujakosa hata mara moja. Hata mvua ya Aprili tumezika.

Mwaka juzi mwanachama wetu, fundi baiskeli, aliambiwa ana ngiri, apasuliwe, laki tatu na nusu. Akaja kwangu jioni kuomba akopeshwe kwenye mfuko, atarudisha kidogo kidogo. Nikafungua katiba. Katiba inasema mfuko utatoka kwa msiba. Nikaitisha kamati. Kamati ikasema tukifungua mlango wa ugonjwa, Machi mfuko umekwisha. Na ni kweli, ungekwisha. Nikamrudishia jibu. Alilipokea vizuri tu, hata chai alikunywa.

Wiki ya tatu ngiri ikanasa utumbo. Akafia kwenye bajaji.

Tulimzika vizuri. Jumla ilikuwa 1,480,000. Mimi ndiye niliyesaini. Kaka yake alisimama makaburini akakishukuru chama mbele ya watu.

Sina hoja. Nimeona neno "utu" kwenye kichwa cha uzi nikaona niandike.

#22 Konda_wa_Gongo
Dah. Pole katibu.

#23 Sista_Zamu_ya_Usiku
Pole sana. Ngiri ile ukiiwahi ni upasuaji wa kawaida kabisa.

#24 Namba_Hazidanganyi
Katibu, pole. Nataka kusema kitu bila kukuongezea maumivu. Kamati yenu haikuwa na roho mbaya, ilipiga hesabu. Kifo ni kimoja kwa kila mtu, bei ya jeneza inajulikana, na hakuna anayekufa ili afaidi mfuko. Ugonjwa hauna mwisho, na mwenye nao ndiye anayekuwa wa kwanza kujiunga. Ndiyo maana kila mtaa una chama cha kuzika na hakuna mtaa wenye chama cha kutibu. Watu si wajinga wala wakatili. Chama cha kutibu cha kaya 86 hakiwezi kusimama. Kinataka watu mamilioni, na kinataka lazima.

Mnaikumbuka Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto? 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, kwa hiari. Wengi walisubiri mtoto augue ndipo wakalipe. Machi 2023 NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, wakasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja, wakataka watoto waingie kupitia shuleni. Tukawatukana. Lakini chombo kilikuwa kinavuja na waliotoboa ni sisi. Ndiyo maana sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ikapitishwa bungeni Novemba 2023.

#25 Mama_Wawili
Namba, mimi ni mmoja wa hao. Mwanangu ana selimundu. Toto Afya niliisikia nikiwa kwenye benchi la kliniki, aliniambia mama mwenzangu. Kabla ya hapo hakuna aliyekuja kunieleza, si redio, si mwenyekiti wa mtaa. Nililipa 50,400 na mwaka ule tulilazwa mara nne. Kama chombo kilivuja basi tundu lenyewe ndiyo mimi hapa.

#26 Namba_Hazidanganyi
Dada samahani. Nilikuwa naongelea jumla.

#27 Mama_Wawili
Najua. Nimekujibu kwa sababu kila mara nikisoma hiyo jumla namwona mwanangu.

#28 Otis_wa_Kayole
Majirani, habari. Niwape stori ya huku Kenya, msidhani lazima ndiyo dawa. Tulikuwa na NHIF yetu tangu 1966, ikaondolewa, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ikaingia 2023. Mimi nakatwa asilimia 2.75 ya mshahara mzima, hakuna kikomo. Mama mboga anapimwa uwezo kwa maswali ya simu, paa lako ni la nini, unapikia nini, kisha anaambiwa alipe mwaka wote kwa mkupuo. Hana. Kwa hiyo sisi tulioajiriwa ndio tunabeba, na bado kila wikendi kuna harambee ya bili ya hospitali. Lazima tunayo na mchango tunao.

#29 Kalamu_Nyekundu
Karibu Otis. Sheria ndiyo ya 2023. SHA yenyewe ilianza kazi Oktoba 1, 2024.

#30 Otis_wa_Kayole
Sawa mwalimu wa tarehe. Hati yangu ya mshahara inaikumbuka hiyo Oktoba kuliko wewe.

Na harambee, msituonee wivu. Neno lenyewe liko kwenye nembo ya taifa, na kweli lilijenga shule nyingi. Baadaye wanasiasa wakaliteka. Mheshimiwa anatua kanisani na bahasha nene, watu wanapiga vigelele, hakuna anayeuliza imetoka wapi. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, rais akawakataza maafisa wa serikali kushiriki harambee. Mchango unaweza kugeuka kampeni hivi hivi unauona.

#31 Dereva_wa_Rusumo
Mimi napeleka mzigo Kigali mwaka wa kumi na moja, na nina shemeji kule. Mituweli yao, bima ya afya ya jamii, ni ya kila mtu. Kwa muda mrefu ilikuwa faranga 3,000 kwa kichwa kwa mwaka kwa watu wa kawaida, wenye nacho 7,000, mafukara wanalipiwa. Wengi sana wamo. Ila msifikiri ni upendo mtupu. Kiongozi wa kitongoji anajua nani hajalipa na atakuja kugonga. Ni kama umuganda, kazi yao ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, utatoka tu na jembe.

#32 Konda_wa_Gongo
Huku Jumamosi ya usafi nafagia mbele ya geti, nikimwona mgambo kapita naacha fagio pale pale.

#33 Mwalimu_Mstaafu
Kwetu Upareni msaragambo ulikuwa hivyo hivyo. Asiyetoka anatozwa beberu. Hakuna aliyetuuliza kama tunapenda. Mifereji ile bado inapitisha maji.

#34 Binti_Mwera
Mmemsahau mtu mmoja: asiye na grupu.

Mimi ni wakala wa pesa, kibanda changu kinatazamana na geti la hospitali. Naona michango inavyoingia. Aliyefanya kazi ofisini, ndugu zake wakija kutoa, ujumbe unalia mpaka simu inaisha chaji. Siku mbili milioni nne. Mwezi huo huo alikaa kwenye benchi langu dada wa kazi za ndani, kwao Singida, kaanguka na ndoo kavunjika mfupa wa paja, mwajiri kamshusha getini kaondoka. Dada yake alikuwa na simu ya kitochi, namba kumi na moja. Alizipiga zote. Hadi nafunga kibanda, 14,000. Na yule wa milioni nne naye alikuwa paja, pikipiki.

Mchango haumfuati mwenye shida. Unamfuata mwenye watu.

#35 Mkokoteni
Binti umemaliza. Hicho ndicho nilichokuwa natafuta kukisema. Mgonjwa asipimwe kwa wingi wa marafiki. Kodi haimuulizi mtu ana grupu ngapi.

#36 Shangazi_K
Mimi nasoma hayo hayo naona kinyume chake. Ndiyo sababu ya kumpa yule dada kabla ya mwenye milioni nne. Binti, alipata?

#37 Binti_Mwera
Nilimpa elfu tano. Kesho yake sikuwaona kwenye benchi. Sijui.

#38 Kijana_wa_Makambako
Mkokoteni unaipenda kodi leo. Julai 2021 ulikuwa wapi? Tozo ya miamala ilipokuja tuliambiwa ni ya vituo vya afya na madarasa. Nchi nzima ilipiga kelele, Septemba ikapunguzwa asilimia 30. Huo haukuwa mchango wa wote kwa wote unaoutaka?

#39 Mkokoteni
Nilipiga kelele, sikatai. Kumtoza anayemtumia mama yake elfu kumi ya dawa si sawa na kumtoza mwenye mgodi. Nataka wote tubebe, ila si kwa kipimo kimoja.

#40 Konda_wa_Gongo
Swali dogo kwa mleta mada. Zile harusi mbili ulizoziweka kando. Uliahidi ngapi?

#41 Mkokoteni
Zile ni nje ya mada.

#42 Shangazi_K
Ngapi?

#43 Mkokoteni
Laki moja na nusu zote mbili. Moja ni ya bosi, wakuu, mnanielewa.

#44 Konda_wa_Gongo
😂😂😂 Bunge la figo, mfuko wa keki! Serikali haijawajibika kununua keki ya bosi?

#45 Katibu_Kuzikana
Msimcheke sana. Mchango wa harusi huwa unarudi. Bosi ana daftari, na siku ya Mkokoteni daftari litafunguliwa. Mwenye figo hana cha kurudisha. Kwenye chama chetu pia, mtu analipa bila kinyongo kwa sababu anajiona yeye ndani ya lile jeneza. Ndani ya kitanda cha hospitali hajioni.

#46 Sista_Zamu_ya_Usiku
Katibu, mngebadilisha ile katiba je? Hata kifungu kimoja tu, mkopo wa upasuaji wenye kikomo.

#47 Katibu_Kuzikana
Nililipeleka mwaka jana. Kura 31 ndiyo, 44 hapana. Mwaka huu nalipeleka tena na kikomo cha laki mbili.

#48 Namba_Hazidanganyi
Laki mbili kwa watu wangapi kwa mwaka? Nitumie hesabu za mfuko PM, nikupigie bure.

#49 Mhazini_04
Habari zenu. Mkokoteni, mimi ndiye mhazini wa lile grupu la shule. Maneno yako ni yale yale, tumekutambua toka post ya kwanza. Admin anasema utarudishwa ukiacha kutuma hotuba saa tano usiku.

Uzi huu nimempelekea mgonjwa mwenyewe leo akiwa kwenye mashine, masaa manne pale huwa hana cha kufanya. Amesoma wote. Amecheka sana ile ya keki. Anasema hoja yako anaiunga mkono asilimia mia, na akipona mtaandamana wote. Ila kikao cha kusafisha damu cha Ijumaa bado 160,000.

#50 Mkokoteni
Namba ni ile ile?

#51 Mhazini_04
Ile ile. Litatokea jina la mke wake. Weka na ya kutolea.